Asali Nyekundu ya Mweiga

Nilianza kazi ya ushuru asubuhi ya Jumatatu, uhuru ukiwa bado mchanga, katika kiwanda cha soda kilichokuwa bondeni, upande wa chini wa mji wa Nyeri. Nilivaa koti la marehemu baba, na mikono yake ilinifika kwenye vidole. Mkuu wa Kituo, mzee mwembamba aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za Waingereza, alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani, kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha shira bila hata kuniuliza jina.

Vijana wa leo wakisikia ushuru hufikiria bandari na makontena. Wetu ulikuwa ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa humu humu nchini: sigara, bia, viberiti, sukari, na soda. Afisa hakungoja bidhaa zimfuate ofisini. Alikaa ndani ya kiwanda chenyewe, na dirisha la ofisi yake ndogo lilielekea chumba cha shira. Shira ni sukari iliyochemshwa na maji hadi ikawa nzito kama uji. Ndiyo inayotiwa rangi na ladha, ikazimuliwa kwa maji, ikapigwa gesi, ikawa soda. Kwa hiyo mwenye kulichunga tangi la shira amechunga kila chupa itakayotoka.

Mkuu wa Kituo alinionyesha kufuli mbili mlangoni, moja ya kiwanda na moja ya Serikali, na hakuna iliyofunguliwa bila wenye zote mbili kuwapo. Alinipa fimbo ya kupimia kina, na haidromita, yaani kichupa chembamba cha kioo chenye risasi chini, ambacho huelea juu zaidi kadiri shira inavyozidi utamu. Mwisho alinifundisha lakiri. Unapitisha waya kwenye kifuniko cha tangi, unaunganisha ncha zake kwa kipande cha risasi, unakibana kwa koleo lenye alama ya Serikali. Baada ya hapo asiye afisa haruhusiwi kukigusa.

"Kiwanda kina wenyewe," aliniambia. "Lakini tangi likishafungwa ni la Serikali. Na usionje."

"Kwa nini, Bwana Mkubwa?"

"Nimekaa na tangi hili miaka mingi. Ukionja mara moja, linakuita."

Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani. Baada ya wiki chache nilianza kumwelewa. Alasiri, mashine zikizimwa na shira ikianza kupoa, tangi lilitoa sauti, kama mtu anayenong'ona akiwa na kitu mdomoni. Mafundi walisema ni bati linalojikunja kwa baridi. Mimi nilikaa nalo peke yangu, nikaandika vipimo vyangu, na mara nyingi nilijikuta nimesimama karibu na kifuniko bila kukumbuka nilinyanyuka saa ngapi. Nyumbani kwetu Majengo, mama alinikuta asubuhi moja nimelala, na mstari wa sisimizi umetoka mlangoni hadi kwenye viatu vyangu. Alivitupa nje kwa ufagio, akasoma dua.

Nilikaa hapo miaka michache, kisha nikapewa uhamisho kwenda Nanyuki, nikiwa mkaguzi wa kuzunguka. Eneo langu lilikuwa Nanyuki yenyewe, Narumoru, Chaka, na upande wa Mweiga hadi ukingoni mwa msitu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Mkaguzi Mkuu, mtu wa sauti ndogo aliyependa ramani. Ukutani mwake palikuwa na ramani ya wilaya yenye pini, kila pini kiwanda chenye leseni, na alikuwa akiifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

Kazi ya kuzunguka ilikuwa kuingia madukani na kutazama vizibo. Kila kiwanda kilipiga jina lake kwenye kizibo, na mkaguzi mzoefu aliweza kusoma kreti nzima kwa kupitisha macho tu. Siku moja ya soko pale Chaka niliona kreti ya vizibo visivyo na jina lolote. Vilikuwa vyeupe, vimelala pamoja kama macho yasiyo na mboni.

"Hii soda imetoka wapi, mama?" nilimwuliza mwenye duka.

"Inaletwa tu."

"Inaletwa na nani?"

"Gari."

"Gari ya nani?"

Aligeuka akaanza kupanga unga ambao tayari ulikuwa umepangwa. "Bwana Idi," alisema, "gari ni gari."

Jibu hilo nilikuja kulisikia Mweiga, nikalisikia Narumoru, nikalisikia Nanyuki, kwa maneno yale yale, kana kwamba wote walifundishwa darasa moja. Soda hiyo ilikuwa rahisi kuliko nyingine zote, na tamu mno. Nilipoitumbukiza haidromita, ilipanda juu kuliko nilivyowahi kuona katika chupa iliyo tayari kunywewa.

Ni wakati huo ndipo nilipojuana na Daktari wa Meno wa mkoa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa pale pale Nyeri na kusema Kikuyu vizuri kuliko mimi ambaye mama yangu ni Mkikuyu. Alizunguka shule za msingi kwa gari dogo, siku moja akanikuta njiani Chaka nimepata pancha, akanichukua hadi shule aliyokuwa akienda. Nilikaa nyuma ya darasa nikimngoja. Mwalimu, ili kuwaondolea watoto woga, aliwasimulia kichekesho cha fisi na mbuzi, na darasa zima likacheka huku midomo imefungwa. Watoto zaidi ya thelathini, mabega yanatikisika, macho yanatoka machozi, na hakuna mdomo hata mmoja uliofunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya puani tu.

"Wanaficha," Daktari aliniambia tulipotoka. Alinifungulia kisanduku cha bati. Kilijaa meno madogo, meusi kama mbegu za mpapai. "Hayo ni ya muhula huu. Wanapewa soda asubuhi badala ya chai, kwa sababu ni rahisi kuliko maziwa na majani. Wewe ni mtu wa ushuru. Mnatoza nini hasa?"

Nilimweleza kwamba tunatoza kwa galoni, iwe tamu iwe dufu.

"Na sukari mnaweza kuipima?"

"Tunaipima kila siku."

"Basi kama mnaweza kuipima, mnaweza kuitoza. Atakayetia sukari nyingi alipe zaidi. Mwenyewe ataipunguza."

Leo mambo hayo huzungumzwa redioni kana kwamba ni mapya. Sisi wawili tuliyaandika katika chumba chake cha kazi, mimi nikaeleza namna ya kupima, yeye akaeleza meno, tukatia sahihi, tukapeleka juu. Tulingoja. Hatukujibiwa.

Kiangazi kikaingia, na kilikuwa kibaya. Upande wa Kieni nyasi zilikauka, na hata kuelekea Mweiga maua yalikwisha. Siku moja sokoni Chaka nilimwona mzee ameketi peke yake na debe la asali. Soko lilikuwa limejaa, lakini kumzunguka palikuwa na nafasi tupu, watu wakipita mbali naye kama wanaokwepa shimo. Aliitwa Mzee Ndirangu, mfugaji wa nyuki kutoka Mweiga. Nilichungulia ndani ya debe. Asali ilikuwa nyekundu, nyekundu ya damu ya kuku, na katika masega mengine vijumba vilikuwa vya kijani.

"Wewe ni mtu wa kupima," alisema. "Nimeambiwa hivyo. Nipimie hii nijue kama nimerogwa."

"Imeanza lini, mzee?"

"Mwezi wa pili huu. Niko na mizinga ishirini, na yote iko hivi. Bibi yangu amehamia kwa dada yake. Ati hawezi kulala kwa hiyo boma."

"Na watu wanasema nini?"

Alinieleza taratibu. Juu ya tuta moja, ukingoni mwa msitu, palikuwa na nyumba ya mawe ya mzungu mmoja mkulima. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopambana na wapigania uhuru, ilitumiwa kuhojia watu, na walioingia wengi hawakuonekana tena. Ilisemekana wamefukiwa nyuma ya nyumba. Tangu mzungu auze na kuondoka, hakuna aliyelisha ng'ombe huko wala kuokota kuni. Sasa wazee walisema nyuki, kwa kukosa maua, wamekwenda kunywa kwa wale waliolala huko.

Nilichovya kidole nikaonja, mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kazi. Haikuwa na moshi wala uchungu wa maua. Ilikuwa na harufu niliyoijua sana, harufu ya zile chupa za vizibo vitupu nilizozifungua kupima.

"Mzee," nilisema, "nyuki wako hawajanywa damu. Wamekunywa soda."

Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Soda ya nani," aliuliza, "na huko hakuna mtu?"

Kesho yake nilikwenda Mweiga. Mzee alikuwa na njia yake ya kufuata nyuki. Aliweka sahani ya maji ya sukari juu ya kisiki, na nyuki walipotua akawapaka unga kidogo migongoni, ili waonekane. Walikunywa, wakapaa kwenda mzingani. Waliporudi tuliiondoa sahani, tukatazama wanaelekea wapi. Hawakutafuta huku na huku kama nyuki wenye njaa. Wote, weupe kwa unga, walipaa kwa mstari mmoja kuelekea lile tuta.

Tulipanda saa sita mchana. Jua lilikuwa kali nyuma yetu, lakini juu ya tuta ukungu ulikuwa umekaa, mweupe, hausogei. Mzee alitembea nyuma yangu. Tulipoingia kwenye ukungu nilisikia harufu, ile harufu ya shira iliyoganda kwenye viatu vyangu vya Majengo, na chini ya nyayo kitu kikaanza kulia kwa kukatika katika. Niliinama. Ardhi ilikuwa imetandikwa nyuki waliokufa, wengine bado na unga mgongoni.

Nyumba ilitokea ghafla mbele yetu. Madirisha yalikuwa yamepigwa mbao. Hapakuwa na sauti ya mashine wala ya watu, ila mvumo mmoja mnene uliotoka ndani ya kuta. Mlango haukufungwa. Nilisukuma.

Katika iliyokuwa sebule ya mzungu palikuwa na tangi la shira, kubwa kuliko lile la Nyeri, na kifuniko kiko wazi. Uso wa shira ulikuwa mweusi, na ulikuwa ukitembea. Nilidhani macho yananidanganya mpaka nilipokaribia. Ulikuwa umefunikwa na nyuki, walio hai wakipanda juu ya waliozama. Kando ya ukuta waliketi wanawake kama kumi na wawili kwenye vigoda, wakiosha chupa kwenye madishi. Walifunga leso midomoni. Mikono yao haikusimama tulipoingia, na hakuna aliyeinua kichwa.

"Hamjambo," nilisema. "Mimi ni afisa wa ushuru. Msimamizi wa hapa ni nani?"

Chupa zilizunguka majini. Nikauliza tena, kwa Kikuyu.

"Hapa hakuna kitu," alisema mmoja bila kunitazama.

"Hapa hakuna kitu," alisema wa pili, na wa tatu, hadi mwisho wa ukuta, kila mmoja kwa zamu yake, sauti moja.

Mzee Ndirangu alikuwa amesimama mbele ya mwanamke wa mwisho. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Niliona mzee anavua kofia yake.

"Muthoni," alisema. "Si ulituambia uko Nyeri, unafua nguo hospitali?"

Yule msichana alitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake. Machozi yalishuka yakaingia kwenye leso.

"Baba," alisema, "hapa hakuna kitu. Na mimi siko hapa."

Hapo nikaelewa. Walikuwa wameapishwa. Miaka ile mtu hakuuliza kiapo kililiwaje. Aliyekila alijua kwamba akifungua mdomo, kitu kitamfuata yeye na watoto wake. Na aliyewapeleka kuapa hakuhitaji walinzi mlangoni, kwa sababu pale mahali palijilinda penyewe.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilifunga kifuniko, nikapitisha waya, nikabana risasi kwa koleo, nikaandika vipimo. Niliwaambia wale wanawake kwamba tangi sasa liko chini ya Serikali na kwamba nitarudi. Kisha nikashuka na Mzee Ndirangu. Alikuwa akitaka kubaki na binti yake, nikamwambia tutamletea matatizo.

Mkaguzi Mkuu alisoma ripoti yangu mara mbili, akainuka akaenda kwenye ramani yake.

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha tuta.

"Hapo sioni pini," alisema kwa ile sauti yake ndogo.

"Ndiyo maana nimeandika, Bwana Mkubwa. Hakina leseni."

"Bwana Idi, kiwanda kisicho na pini ni kiwanda ambacho hakipo. Lakini tutakwenda kuona, usije ukasema sikukusikiliza."

Tulikwenda baada ya siku nne. Siku hiyo hapakuwa na ukungu. Mlango ulikuwa wazi, na ndani kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya, sakafu imesuguliwa ikang'aa. Hapakuwa na tangi, madishi, chupa wala nyuki hata mmoja, hai au aliyekufa. Nje, udongo ulikuwa umefagiliwa mpaka kwenye miti. Katikati ya sebule, juu ya sakafu safi, ilikuwako lakiri yangu. Waya haukukatwa wala risasi haikuguswa, na alama ya Serikali ilisomeka vizuri. Ilikuwa imefungwa sawasawa, kitanzi kizima, bila kushika kitu. Mpaka leo sijui ilitolewaje.

Mkaguzi Mkuu aliiokota akaitia mfukoni.

"Umesahau mali ya Serikali hapa," alisema. "Mimi nitaandika kwamba ulisahau. Afadhali hivyo kuliko niandike kwamba unaona vitu."

Mwezi uliofuata tukaitwa mkutanoni Nyeri, mimi na Daktari wa Meno. Tulifurahi, tukidhani pendekezo letu limesikika. Ukumbi ulijaa wakubwa: wa afya, wa fedha, wa biashara, wa elimu. Kwenye kiti cha mwisho aliketi mheshimiwa mmoja wa sehemu hizo ambaye sitamtaja. Yeye amekufa, na wajukuu wake ni watu wema. Hakuwa mwenyekiti wa mkutano, lakini mwenyekiti alimtazama kila alipotaka kusema.

Daktari alisimama akaeleza vizuri. Alionyesha kisanduku chake. Alipoketi, mheshimiwa alitabasamu, akapiga makofi mawili madogo, na mhudumu akaingia na kreti. Kila mtu akawekewa chupa mbele yake, imeshafunguliwa. Soda ilikuwa nyekundu, nyekundu ya asali ya Mzee Ndirangu.

"Kumekucha na joto," mheshimiwa alisema. "Tunyweni kwanza. Mimi nilikua na njaa, nyinyi mnajua. Mzungu alikuwa akinywa soda barazani, sisi tunatazama nje ya ua. Tulipigania uhuru ili mtoto wa maskini naye apate utamu kidogo. Leo mnataka mumpandishie bei? Mimi siwakatazi. Nauliza tu, nani atasimama sokoni Chaka awaambie wananchi?"

Alichukua chupa yake akanywa. Mwenyekiti akanywa, na wa fedha, na wa elimu, chupa zikipanda moja baada ya nyingine kuizunguka meza, kuja upande wangu. Mheshimiwa alinitazama mimi, akainama kidogo kana kwamba ananiuliza habari za nyumbani.

"Mama yako bado yuko Majengo, Bwana Idi? Ile ploti yenu bado ni ya leseni ya muda, au mlishapewa hati?"

"Ni ya muda, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Mama mzuri sana. Msalimie."

Nikainua chupa nikanywa. Niliimaliza. Daktari wa Meno, aliyeketi kushoto kwangu, aliisogeza yake mbele kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikafika katikati ya meza, akafunga kisanduku chake. Hakuigusa tena. Mwenyekiti alitangaza kwamba pendekezo limeahirishwa ili lifanyiwe uchunguzi zaidi. Daktari alihamishiwa mbali kaskazini kabla ya mwezi kwisha. Nilikwenda kumuaga. Alinipa mkono, akaniuliza hali ya mama, na hakunilaumu hata kwa macho. Hilo ndilo lililoniuma.

Mimi nilibaki kazini. Nilihamishwa Karatina, kisha Embu, kisha nikarudi Nyeri, nikapanda vyeo viwili. Kila mahali niliona vizibo vyeupe, na mtindo wangu ukawa kupitisha macho haraka. Mzee Ndirangu alichoma mizinga yake yote ishirini. Alifariki miaka miwili baadaye, na nilisikia kuhusu mazishi yake yakiwa yameshapita.

Nilipostaafu nilikuwa na nywele nyeupe, na mama alikuwa ameshatangulia, katika nyumba yake, juu ya ploti ile ile ya leseni ya muda. Miezi michache baada ya hapo, asubuhi, mama mmoja mnene alibisha mlangoni kwangu. Aliposema nilimwona anainua mkono kufunika mdomo, pale pale leso ilipofungwa siku ile, na mkono huo ndio uliomtambulisha kabla ya jina.

"Mimi ni Muthoni wa Ndirangu," alisema. "Watoto wangu wamekua, na walionilisha kile kiapo wote wamekufa. Nataka kukuambia kitu, halafu niende."

Nilimkaribisha ndani. Aliniambia tangi lilihamishwa likapelekwa bonde la pili, na kazi ikaendelea miaka mingi. Waliosha chupa, na sehemu ya ujira wao walilipwa kwa soda. Hayo niliyakisia. Sikujua yaliyobaki.

"Siku ile mlipotoka," alisema, "tulikaa. Wanaume wa gari walikuwa wamekimbia msituni walipoona kofia yako ya Serikali. Tulikuwa peke yetu. Mama mmoja mkubwa akasema, huyu akirudi kabla ya jua kushuka, tuseme yote. Kama atakaa na sisi, kiapo kitatupiga sisi sote pamoja na yeye, na tutavumilia. Tulifungua leso. Tukaangalia njia. Tulikungoja mpaka ukungu ukaisha, tukaona mpaka Mweiga, na hakuna mtu alikuwa anakuja."

"Nilikwenda kuandika ripoti," nilisema.

"Najua. Mimi sikuja kukulaumu. Nilitaka tu ujue tulikungoja."

Nimefikiri sana juu ya hilo. Nilifundishwa kupima, kufunga na kuondoka, na niliamini kwamba kipande cha risasi kinaweza kukaa mahali pa mtu. Mzee Ndirangu hakusoma hata darasa moja, lakini alijua anataka kubaki pale, na mimi ndiye niliyemshusha. Vijana mlio kwenye kazi hii leo mna mashine za kusoma kila chupa, na nasikia Bunge linazungumza tena juu ya kutoza sukari. Vizuri. Lakini mkikuta watu kwenye nyumba ya namna ile, msiende kuandika kwanza. Tafuteni kigoda mkae.

Mwaka huu wananchi waliitwa ukumbini Nyeri kutoa maoni kuhusu hilo la kutoza sukari. Nilikwenda na Muthoni. Jina lake lilikuwa karibu la mwisho kwenye orodha, na wenye biashara walizungumza tangu asubuhi, kwa picha na michoro, wakieleza kazi zitakazopotea. Wengi waliposema yao waliondoka. Zamu yake ilipofika zilibaki safu mbili za watu. Alisimama, akateremsha mkono wake kutoka mdomoni, akasema kwa Kikuyu kila alichokiona kwenye lile tuta, bila haraka, na karani kijana aliyekuwa akiandika aliacha kuandika akawa anamsikiliza tu.

Alipoketi, karani alikohoa. "Kuna mwingine aliyekuwa kwenye hilo tuta?" aliuliza.

Nilisimama, nikasema jina langu na cheo changu cha zamani, na nikaanza na ile soda niliyokunywa.